Bwawa la Waziri wa Amani

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja bila kusimama wima ni kosa, na mimi naandika nikiwa nimekaa. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani. Tuna hata Wizara ya Amani, na wizara hiyo ina bunduki nyingi kuliko Wizara ya Vita, ambayo ilifutwa zamani kwa kukosa kazi.

Waziri wa Amani alikuwa Brigedia Ndulazi, mtu mpole sana akiwa amelala. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bustani, na katikati ya bustani kulikuwa na bwawa. Halikuwa bwawa la kunywesha mifugo wala la kumwagilia mboga. Lilikuwa bwawa la kutazamwa. Kila Sikukuu ya Amani, Kiongozi Mtukufu mwenyewe alifika pale kuachilia bata weupe majini, mbele ya mabalozi na bendi ya polisi. Zamani alikuwa akirusha njiwa, lakini njiwa wale walivuka mpaka wa nchi na hawakurudi, na jambo hilo likazua maswali. Bata aliyekatwa mbawa ni mzalendo zaidi.

Taabu ni kwamba bwawa lilikuwa linavuja.

Ninyi mnaoishi kwingine mtaona ni jambo dogo. Kwetu ipo Sheria ya Uvujaji. Kuvujisha siri, kuvujisha mitihani, kuvujisha alichosema mkubwa alipokuwa amelewa, vyote ni uhaini, na hakuna mahali sheria iliposema kwamba maji hayamo. Kwa hiyo bwawa halikupelekwa kwanza kwa mafundi, lilipelekwa kwa Idara ya Usalama. Wapelelezi walikuja wakalizingira na kulitandika mijeledi. Ndoo moja ya maji yake iliwekwa rumande ili iwataje wenzake. Jua likaikausha, ikatangazwa kwamba imetoroka, na askari aliyekuwa zamu akapigwa mpaka akakiri kuwa ndiye aliyeifungulia mlango.

Baada ya hapo ndipo walipoanza kuitwa mafundi.

*

Wa kwanza alikuwa Makame, wa mtaani kwetu, mtu wa mluzi na kofia ya kushona. Alichukuliwa asubuhi na hakurudi. Dada yake, Siwatu, alikwenda kuuliza ofisini, na afisa akamjibu kwa heshima zote kwamba Makame amepelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu.

"Masomo gani?" Siwatu akauliza. "Kaka yangu hata kusoma hajui."

"Ndiyo maana amepelekwa, mama."

Akaitwa fundi wa pili, na wa tatu. Nao wakapata masomo, kama wengi waliochukuliwa kwa mambo mengine. Mji wetu ukajaa wake wa wanachuo, wanawake waliokaa vibarazani bila kujua kama wakae eda au wangoje barua.

Sasa huyo Siwatu alikuwa ameolewa na fundi mwingine, Ngwali Kombo, na Ngwali alikuwa na mdomo. Alikuwa fundi mzuri, simnyimi haki yake, lakini mdomo wake ulikuwa fundi zaidi. Akikaa kwenye baraza ya kahawa huanza: "Mimi nikiliambia tangi likae, linakaa. Maji yananijua. Maji yakisikia Ngwali yumo njiani, yanajipanga." Tulicheka. Mmoja wetu, inaonekana, alicheka huku akisikiliza kwa niaba ya serikali.

Kuna nchi ambako fundi huitwa kwa simu. Kwetu fundi wa serikali huitwa kwa teke la mlango. Ngwali na mkewe walikuwa wanakula muhogo na dagaa. Mimi nyumba yangu imepakana na yao, nilisikia kila kitu.

"Fundi Ngwali Kombo?" akauliza sajini.

"Inategemea anayeuliza," akasema Ngwali, kwa kuwa mdomo ulikuwa bado haujaelewa.

Kitako cha bunduki kilimpata mdomoni. Jino likaanguka kwenye sahani, katikati ya dagaa.

"Hongera," akasema sajini. "Umeshinda zabuni."

Siwatu alinyanyuka, akachukua mchi wa kinu uliokuwa umeegemea ukuta, akaushusha kwenye bega la askari wa karibu. Nilisikia mfupa ukikatika, sauti kama ya kuvunja kuni kavu. Askari mwingine akaelekeza bunduki kifuani kwake, lakini sajini akamzuia.

"Acha! Huyu mama ana mkono wa kukorogea zege. Mpakie naye, kazi ni nzito."

Wakaburutwa hadi kwenye gari, Siwatu akivuja damu puani kwa kipigo na mumewe mdomoni. Mimi nilifunga dirisha langu taratibu, nisiwasumbue.

*

Brigedia aliwapokea bustanini, amevaa pajama za hariri zenye vyeo mabegani.

"Karibuni sana," akasema. "Jisikieni mko nyumbani. Bwawa hili ni uso wa taifa. Sikukuu inakuja. Uso ukivuja, mabalozi watasema taifa linalia. Je, taifa linalia?"

"Halilii, Mheshimiwa," akasema Ngwali kwa mdomo uliovimba.

"Basi zibeni."

Msimamizi wao aliwekwa Kapteni Tulizana, mkuu wa walinzi wa nyumba, mtu mwembamba aliyezungumza polepole na aliyesimama kila mara karibu na kitu cha kujificha nyuma yake. Ngwali na Siwatu wakaanza kuteka maji yaliyobaki na kuyamwaga kwenye mtaro. Chini kukaonekana nailoni nyeusi nene, ile ambayo mafundi hutandika ili udongo usiyanywe maji. Vyura waliokuwa wamenenepa humo wakarukaruka kwenye tope, wakiimba.

Ilikuwa adhuhuri, saa ya Mheshimiwa kupumzika. Mlango wa roshani ukafunguka kwa kishindo.

"Wapinzani!" Brigedia akanguruma. "Hata usingizini mnanifuata!"

Akamimina risasi bwawani. Siwatu alimvuta mumewe kwa ukosi, wakalala kifudifudi nyuma ya rundo la mchanga. Risasi zilipasua vyura, zikatoboa nailoni, zikachimba tope. Mlinzi aliyekuwa anafagia majani upande wa pili alichelewa kuinama, akakaa chini kana kwamba amechoka, ameshika tumbo, kisha akalala. Brigedia alipomwona alisikitika, maana alikuwa mtu wa huruma. Palepale akampandisha cheo kuwa koplo, akarudi kulala.

"Hufanya hivi kila siku?" Ngwali akamnong'oneza Kapteni.

"Isipokuwa Ijumaa," Kapteni akajibu, akitoka nyuma ya mti. "Ijumaa hufanya mara mbili."

Siwatu alikwisha kwenda bwawani. Alipiga magoti kwenye nailoni akachomeka kidole tunduni. Kilizama chote. Akachomeka kwenye tundu la pili, na la tatu. Nailoni ilikuwa kama chungio la nazi.

"Basi huyu ndiye anayevujisha," akasema. "Anavujisha mwenyewe."

"Shusha sauti, mama," akasema Kapteni. "Fundi wa kwanza alimwambia hivyo hivyo. Wa pili alimwambia pia, kwa adabu zaidi, na maua mkononi. Wa tatu alinyamaza. Bwawa likavuja, naye akaulizwa kwa nini hakusema."

"Na wako wapi sasa?"

Kapteni aliitazama nailoni, kisha akayatazama mawingu. "Masomoni," akasema, akaondoka kukagua ua.

*

Nailoni ya zamani lazima ing'olewe kabla ya kutandika mpya, hata mtoto wa fundi anajua hilo. Kila mmoja alishika ncha yake, wakavuta. Ilitoka kwa kwikwi, ikinuka, na chini yake mchanga ulikuwa umejaa risasi kama mbegu za mpapai. Halafu mchanga ukabonyea mahali, na Siwatu akaona kitambaa.

Ilikuwa kofia ya kushona. Alijua mshono kabla hajaigusa, kwa sababu aliushona mwenyewe, na pembeni alikuwa amekosea ua moja akalifumua, akalirudia. Kofia ilikuwa bado kichwani. Mifupa ya uso ilikuwa imetobolewa mara nyingi kuliko inavyohitajika kumuua mtu. Mbavuni palikuwa na risasi za zamani zenye kutu na nyingine mpya kabisa, za siku ile.

Ngwali, ambaye kahawani hakuna aliyewahi kumnyamazisha, alivua shati lake akamfunika shemeji yake. Kandokando yake walilala wengine wawili.

Siwatu alikaa kwenye tope. Alilia bila sauti, mkono mdomoni, akiutafuna, mpaka damu ikatoka.

"Tukimbie," Ngwali akasema. "Ukuta wa nyuma si mrefu. Nikikubeba mabegani..."

"Anapigwa risasi kila siku, Bwana Ngwali."

"Nani?"

"Makame. Ameshakufa na bado anapigwa risasi kila adhuhuri. Alale vipi?" Akajifuta uso kwa kiganja chenye tope. "Siendi popote nikamwacha anapigwa. Kumtoa leo hatuwezi, walinzi wamejaa. Basi tumfunike. Sitaki nailoni, wala saruji. Nataka chuma."

Ngwali alimtazama, akalitazama bwawa. Ufundi ulimrudia polepole, kama mtu anayezinduka. "Chuma cha kuzuia bunduki ile hakiuzwi dukani," akasema. "Kiko kwenye magari ya deraya."

*

Kapteni Tulizana alisikiliza ombi hilo bila kupepesa. Magari ya deraya yaliyochakaa kwa kuwatuliza wananchi yalijaa uwanja mzima nyuma ya wizara, na kwa kuwa Brigedia alitaka bwawa lisilovuja kwa gharama yoyote, mabamba yakakatwa yakaletwa.

"Yatahimili?" Kapteni akauliza.

"Yatahimili, afande," Ngwali akajibu, na kwa mara ya kwanza maishani alisema jambo bila kulipamba. "Ila chuma si udongo. Udongo unameza. Chuma kikipigwa, hurudisha."

Kapteni akainua macho kuitazama roshani. Aliitazama kitambo.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Hiyo sasa ni siri ya taifa. Ikivuja, wewe na mkeo mtajiunga na chuo."

Bahati ilikuwa kwamba Brigedia hakuwapo siku zile. Alikuwa amesafiri kwenda kuzindua utulivu katika mkoa wa kaskazini, ambako wanakijiji walikuwa wameuliza juu ya kisima chao. Redio ilitangaza kwamba uzinduzi ulifana na kwamba kijiji kizima kimetulia. Waliopita huko baadaye walisema ni kweli, hata mbwa walikuwa wametulia, ila nzi tu.

Mafundi wakafanya kazi. Waliwafukia watu wao kwa mchanga safi uliochekechwa, Siwatu akinong'ona dua huku akijifanya anahesabu ndoo. Wakalaza mabamba, Ngwali akayachomelea maungio yote, akayapaka rangi ya buluu kama anga la kalenda. Wakafungulia maji. Hayakujaa sana, yaliishia kwenye kifundo cha mguu tu, kwa sababu bata wa sikukuu walilelewa kambini na hawakujua kuogelea. Maji yakakaa. Kesho yake yakawa yako palepale. Na vyura, ambao hawana habari ya siasa, wakarudi.

*

Siku ya Sikukuu Brigedia alirejea akiwa na nishani mpya. Kiongozi Mtukufu alikaa kwenye kiti cha enzi ukingoni mwa bwawa, bata mapajani. Mabalozi walipangwa kulia, mawaziri kushoto, bendi nyuma, na kila upande kikosi cha Wanajeshi wa Amani wenye risasi za moto, kwa heshima ya wageni. Ngwali na Siwatu waliwekwa karibu na pampu ili wafungulie chemchemi ikitolewa amri. Kapteni Tulizana alikuwa amechagua nafasi mapema, nyuma ya nguzo ya zege.

Brigedia akasimama kwenye maji yaliyofika vifundoni, buti zake zikimeta, ili wapiga picha waone kwamba haogopi kitu.

"Mtukufu Kiongozi! Mabalozi! Wananchi mliochaguliwa kuhudhuria!" akaanza. "Wapo wanaosema amani huombwa. Uongo! Amani haiombwi, amani hupigwa! Amani ni kama msumari, usipoupiga kichwani hauingii! Nani asiyetaka amani? Ajitokeze, nimwoneshe amani! Angalieni bwawa hili. Je, linavuja?"

"Halivuji!" wakaitikia mawaziri.

"Je, kuna mtu yeyote katika nchi hii mwenye neno?"

Pakawa kimya. Kisha, karibu na buti lake la kushoto, chura mmoja akasema neno lake.

Balozi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Uso wa Brigedia ulivimba. Alimpokonya mlinzi bunduki, akaielekeza chini mbele ya miguu yake, akavuta.

Siwatu alimwangusha mumewe chini nyuma ya toroli la saruji. Hakuhitaji kumweleza.

Risasi ya kwanza iligonga chuma ikarudi, ikamwingia Brigedia chini ya kidevu, ikatokea utosini na kuchukua kofia. Kichwa kiliacha kazi, lakini kidole kilikuwa askari mtiifu, kikaendelea kuvuta. Bunduki ilimwaga zilizobaki zote bwawani, na bwawa likazirudisha zote kwa wenyewe. Waziri wa Elimu alipigwa jichoni. Mpiga ngoma wa bendi alianguka ndani ya ngoma yake. Balozi aliyekohoa hakukohoa tena. Kikosi cha kulia, kuona watu wanaanguka, kikaamua kimeshambuliwa na kikosi cha kushoto, kikajibu. Kikosi cha kushoto nacho kikajibu jibu. Bendi ilikuwa haijaamriwa kunyamaza, kwa hiyo tarumbeta ziliendelea na wimbo wa taifa huku wapigaji wakipungua, mpaka ukamalizwa na mtu mmoja mwenye zumari, amepiga magoti, damu ikichuruzika ndani ya ala.

Risasi moja ilitoboa toroli na kupita kiganja cha Ngwali. Alipiga yowe. Siwatu alikifunga kwa ukaya aliojifunika kichwani, lakini macho yake yalibaki kwenye bwawa. Aliniambia baadaye: "Nilidhani nitafurahi. Nilisikia njaa tu, kama mtu aliyetoka kwenye homa."

Walipokwisha kuuana wa kutosha, pakawa kimya. Kiongozi Mtukufu alipatikana mzima chini ya bata waliokufa, amejaa manyoya. Alisimamishwa, akatazama pande zote, akatamka maneno yaliyorudiwa redioni juma zima: "Tumeshinda." Maji yalikuwa mekundu kabisa. Na kwa kuwa kazi ilifanywa vizuri, hayakupungua hata tone.

*

Kapteni Tulizana alitoka nyuma ya nguzo akiwa Waziri wa Amani. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa waliokuwa na haki ya kumpinga walikuwa wamelala. Vyura walihukumiwa kifo bila wao kuwapo. Brigedia Ndulazi akatangazwa shujaa aliyekufa akiitetea amani dhidi ya uvamizi, na ikaamriwa azikwe palepale alipoangukia: bwawa livunjwe, liwe kaburi la marumaru.

"Mtalibomoa wenyewe," Waziri mpya akawaambia mafundi wake, ambao muda wote huo walikuwa wamefungiwa kwenye stoo ya majembe. "Uchafu wote utoke nje leo leo. Msiniambie ni uchafu gani. Nikiambiwa, itabidi nijue."

Wakang'oa chuma. Ngwali alichimba kwa mkono mmoja, Siwatu kwa miwili. Waliwatoa watatu wale, wakawalaza kwenye mkokoteni juu ya nailoni ya zamani, wakawafunika kwa nailoni iliyobaki, wakausukuma hadi langoni. Mlinzi wa lango akawasimamisha.

"Nini hiki?"

"Uchafu wa bwawa," akasema Ngwali.

Mlinzi akainua ncha. Akaona kofia, na yaliyokuwa ndani ya kofia.

"Mnakwenda kuwatupa wapi?" akauliza.

"Hatuwatupi," akasema Siwatu.

Mlinzi aliishusha nailoni vizuri, akaibana pembeni isipeperuke. Kisha akafungua lango.

*

Makame alizikwa alasiri, mchana kweupe, na wenzake wawili ubavuni mwake. Sanda zilitoka nyumba tofauti, hakuna aliyeulizwa alete. Wale wake wa wanachuo walisimama kando ya njia wakiwatazama wawili wasio na jina, kila mmoja akidhani, kila mmoja akiogopa kudhani. Mtaa mzima ulikuja. Hata waliokuwa wakicheka kahawani kwa niaba ya serikali walikuja, wakasimama nyuma.

Kabla kaburi halijafukiwa likaja gari la polisi. Afisa akashuka, amekasirika na anatoka jasho.

"Anazikwa nani hapa?"

"Makame," akasema Siwatu.

"Haiwezekani. Kwa mujibu wa serikali Makame yuko ng'ambo, anasoma. Mtu aliye hai hazikwi. Mtoeni!"

Siwatu alichota udongo kwa jembe akaumwaga kaburini. Akachota tena.

"Mama, naamuru! Mtoeni!"

Ngwali, mkono wake umefungwa kitambaa, akachota kwa ule mzima. Akafuata mmoja wa wale wake wa wanachuo, kwa viganja. Akafuata mwingine. Afisa akachomoa bastola akafyatua hewani, mara moja, kisha tena. Kunguru wakaruka juu ya paa. Watu hawakuinua vichwa, udongo ukaendelea kushuka, na hakukuwa na sauti nyingine ila ya udongo. Nilimwona afisa akitazama bastola yake kama kitu alichoazimwa bila kuelezwa matumizi. Akaketi kwenye bodi ya gari lake, akangoja tumalize.

Jioni ile Wizara ya Amani ilitangaza kwamba hakuna mazishi yoyote yaliyofanyika mtaani kwetu. Mimi ni raia mwema na siwezi kubishana na wizara. Nathibitisha kwamba mazishi hayakufanyika. Nilikuwapo mwanzo hadi mwisho, nimeshika koleo.